Padi za Ombati na Ile Kona ya Chai

Kama umeanza kushika spana juzi, au umenunua gari lako la kwanza na tayari unalitazama kwa macho ya mashindano, vuta kiti ukae hapa. Leo sitaki kusikia habari za injini. Kila kijana anayekuja kunisalimia huanza na injini: imeongezwa hiki, imefunguliwa kile, ikinguruma mtaa mzima unajua. Kuondoka ni raha, sikatai. Lakini mimi nimeimaliza kazi yangu yote kwenye kusimama, na kusimama ndiko kulikonijengea nyumba na kusomesha watoto.

Jina langu ni Kerubo. Gereji yangu ilikuwa Keroka, kando ya barabara kuu, pale malori yanapofika yakiwa yametoka kuteremka vilima na magurudumu yakinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Watu waliniita Omong'ina wa Breki hata kabla nywele hazijageuka. Omong'ina kwetu ni mama mzee, ni jina la heshima, na mimi heshima sikuwahi kuirudisha kwa mwenyewe. Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kupiga sakafu, ila pua na masikio bado yako kazini.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Onsongo, fundi wa malori, mtu mfupi mwenye vidole vinene na ulimi mkali. Nilipoanza kwake watu walidhani nimeletwa pale kuwapikia mafundi chai. Niliipika mara moja, nikatia chumvi makusudi, na hakuna aliyeniomba tena. Siku hizo breki nyingi zilikuwa za dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Laining, ule utando wa kusugua, ikiisha tuliing'oa kwenye kiatu chake cha chuma, tukapigilia nyingine kwa ribiti, tukaichonga kwa tupa mpaka ikae sawa. Kazi ilikuwa ya nyundo na subira. Nyinyi leo mnafungua boksi, mnachomoa padi, mnapachika, mnaosha mikono. Siwaonei wivu, nashukuru tu kwamba migongo yenu itadumu.

Lori likiingia, kabla hajamsalimia dereva, Onsongo alikuwa anainama na kutema mate kwenye dramu. Mate yakichemka na kuruka, alimgeukia dereva na kumuuliza kama gia alizinunua za kuangalia, maana mteremkoni alikuwa ameshikilia breki tu. Siku moja nilimuuliza kwa nini dramu inapata moto hivyo, naye akanipa somo ambalo sijapata lingine la kulipita.

"Kerubo, gari haisimami bure," alisema. "Ile mbio yote lazima iende mahali. Inaenda kwa moto. Kazi yako ni kutafutia huo moto pa kukaa."

Shika hilo, na mambo mengine yote ya breki utayaelewa mwenyewe. Padi ikibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, mwendo unageuka joto. Swali la kujiuliza unapotaka kubadilisha padi ni moja tu: gari langu litapata joto kiasi gani, na mara ngapi? Bei na rangi ya boksi waachie wenye maduka.

Acha nikupe mfano wa Machuki wa Suneka. Machuki aliuza mabati na misumari, mtu mpole, shemasi, ambaye sijawahi kusikia kwamba amempita hata mwenye baiskeli. Aliona padi za mbio kwenye simu ya mpwa wake, nyekundu, zinang'aa, akazitamani. Nikamwambia, "Tata, mzee wangu, hizi si zako." Akaniona namnyima kitu kizuri, akaenda kufungiwa kwa fundi mwingine. Nyumba yake iko kwenye mteremko. Asubuhi moja ya ukungu, baridi imekaza, akatoka taratibu kwenda dukani, akafika kwenye lango la kwake, akakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilikwenda polepole, kwa adabu zote, likalifungua lango lenyewe na kulilaza chini, mkewe amesimama kando na ndoo ya maziwa asijue acheke au apige kamsa.

Akanijia siku hiyo hiyo. "Omong'ina, hizi padi ni feki."

"Si feki, Tata. Bado zilikuwa zimelala."

Padi ya mbio inataka kwanza ipate moto ndipo ishike. Ikiwa baridi inateleza, inapiga kelele, na inaila diski yako bila huruma. Padi ya kawaida ya barabarani ni kinyume chake: inashika tangu asubuhi, iko kimya, lakini ukiiteremsha kilima kwa fujo mara kadhaa inachoka, inatoa moshi na kuacha kukusikiliza. Kati ya hizo mbili kuna padi za katikati, zinazoshika kiasi zikiwa baridi na kuvumilia moto kiasi. Wengi wenu mnaokwenda kazini Jumatatu na kucheza Jumapili mnahitaji hizo za katikati. Machuki nilimrudishia padi zake za zamani, na mpaka leo anaendesha kwa amani. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema.

Sasa nije kwa Ombati, maana ndiye aliyenifanya nitake kusema haya yote.

Ombati ana duka la vifaa vya umeme hapa Keroka. Ni kijana mchangamfu mwenye maneno mengi, na ana gari dogo jekundu la Kijapani analolipenda kupita kiasi. Yeye na wenzake wana mchezo wao kule Nyamira. Wanaomba ruhusa, wanafunga barabara ya lami ya ndani inayopita katikati ya mashamba ya chai, wanavaa helmeti, wanaweka gari la wagonjwa tayari, kisha kila dereva anakwenda peke yake akishindana na saa. Unapanda kilima, unazunguka pipa lililowekwa juu, unateremka mbio mpaka chini. Na huko chini kuna kona moja inayokata kushoto ghafla. Usipokata nayo, mbele yako ni chai tupu. Wanaiita Kona ya Chai.

Ombati alishaingia kwenye hiyo chai zaidi ya mara moja. Msikilize vizuri hapa, kwa sababu aliingia kwa njia mbili tofauti, na fundi asiyejua kuzitofautisha afadhali auze maembe.

Mara ya kwanza alikuwa na padi za kawaida. Aliniambia kanyagio lilikuwa gumu kabisa, akalikandamiza kwa nguvu zake zote, na gari likaendelea tu. Hiyo ni padi iliyochoka kwa moto. Akaenda akanunua padi nzuri, akazipachika mwenyewe, akajiona amemaliza. Mara ya pili kanyagio lilikuwa laini, likashuka mpaka sakafuni kama mguu umekanyaga matope. Hayo ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu kidogo kidogo, na kwetu huku unyevu haujawahi kuadimika. Yakizeeka ndani ya mabomba kisha yakapata moto, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea mguu ukikanyaga. Kanyagio gumu na gari halipunguzi mwendo, tazama padi. Kanyagio limezama, tazama mafuta. Ukibadilisha padi na kuacha mafuta ya zamani, umemvisha mgonjwa suti.

Safari ya pili alitoka kwenye chai na kidonda kwenye paji la uso na kioo kimepasuka. Mama yake, Mama Ombati, ni mwanamke wa kusimama mbele ya watu: anaimba kwaya, ni mzee wa kanisa la Wasabato, na ana pikapu yake ya kubeba ndizi anayoiendesha mwenyewe. Hakupiga kelele. Alimwita mwanawe sebuleni, akawaita na wazee wenzake wa kanisa, akasema mbele yao: "Ukiingia kwa chai ya watu tena, ufunguo wa hiyo gari ni wangu, na hiyo mchezo umeacha." Ombati akakubali. Neno ulilolitoa mbele ya wazee, kwetu hulimezi tena.

Basi akanijia gerejini akiwa na sura ya mtu aliyetoka matangani.

"Omong'ina, nisaidie. Nikiacha hii kitu nitauza balbu mpaka nizikwe."

Unaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilijua hasa anachosema. Kuna watu ambao wiki yao nzima inabebwa na ile saa moja ya Jumapili, na ukiwanyang'anya saa hiyo wanabaki wakitembea tu. Niliamua kwamba kama kuna kazi nitaifanya sawasawa kabla sijafunga milango, ni hiyo.

Tuliagiza padi za mbio kutoka Nairobi, za mbele na za nyuma za aina moja. Ukiimarisha mbele tu na kusahau nyuma, gari linainamisha pua na nyuma haisaidii kusimama. Diski nilizipima zikawa nzima. Mafuta ya zamani niliyamwaga yote, meusi kama chai ya rangi, nikatia mapya yanayostahimili moto, nikatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu kuanzia lililo mbali na kanyagio. Pini za kalipa, ile taya inayoshika padi, zile zinazoiacha ibane na kuachia, nilizisafisha na kuzipaka grisi yake maalumu. Grisi inakaa kwenye pini. Ikigusa uso wa padi, hata kwa kidole kichafu, anza upya.

Hayo yote yalikuwa Ijumaa. Ombati ni Msabato, na jua likizama Ijumaa hagusi kazi mpaka lizame kesho yake, kwa hiyo tulikimbizana nalo. Tukatoka kwenda kuzifundisha padi kwenye barabara ya Masimba, pale isipokuwa na watu. Padi mpya haijuani na diski. Unapandisha mwendo hadi themanini hivi, unakandamiza kwa nguvu mpaka ushuke thelathini, unaachia bila kusimama kabisa, unarudia mpaka pua inapata harufu kali, kisha unaendesha polepole bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama zikiwa za moto na mguu umebaki kwenye kanyagio, padi inaacha alama yake kwenye diski, na baada ya hapo usukani utakutetemesha kila ukifunga breki. Vijana wengi wanaruka hatua hii halafu wanamlaumu aliyewauzia.

Ombati alizifundisha vizuri. Zikaanza kupiga yowe kila akisimama taratibu. Nikamwambia, "Hiyo kelele usiiogope. Zikiwa baridi zitapiga yowe na zitachelewa kushika kidogo. Mjini nenda kama unabeba mayai."

"Sawa, Omong'ina. Kelele si noma," akasema.

Kelele ikawa noma.

Jumamosi alimpeleka mama yake kanisani kwa gari lile. Akaingia uwanjani wakati wa maombi, watu wameinamisha vichwa, na akakanyaga breki. Padi zikapiga yowe la nguruwe anayekamatwa. Sasa, Wasabato na nguruwe mnajua hawana undugu. Waumini walifumbua macho kabla ya amina. Mama Ombati alishuka akiwa ameshika Biblia yake juu ya uso, akapita moja kwa moja hadi kwenye benchi la kwaya.

Haya nilisimuliwa baadaye. Jumapili mimi nilihudhuria misa ya kwanza, kwa maana ni Mkatoliki, kisha nikapelekwa Nyamira na mmoja wa wale vijana. Nilifika kabla ya Ombati. Nikasimama kando ya lami na wenzake, na nikaliona gari jekundu linakuja taratibu kuelekea mahali pa kuegesha. Likapunguza mwendo, likasogea mbele kidogo kuliko alivyokusudia, likasimama.

Kimya.

Ombati akashuka anatabasamu. "Umesikia? Zimenyamaza zenyewe! Zimezoea!"

"Na zinashika?"

"Ziko slow kidogo, lakini si ulisema zikiwa baridi zinachelewa?"

Kweli nilisema. Ndicho kilichonitisha, maana somo langu mwenyewe lilikuwa limemfunika macho. Padi ya mbio haijui kunyamaza ikiwa baridi. Nikamwambia lete jeki. Akasema bado kidogo zamu yake ifike. Nikamwambia lete jeki kabla sijakuchapa mbele ya wenzako. Tukavua gurudumu la mbele.

Diski ilikuwa inang'aa kwa namna ya ajabu, laini, na kwenye kingo zake kulikuwa na unga mweupe. Nilichukua kidogo kwa vidole nikasugua. Uliteleza kama sabuni. Nimezaliwa huku, unga huo ningeujua hata usingizini. Ni wa lile jiwe laini la Tabaka, linalochongwa vinyago na sahani za wageni. Waziba pancha wetu wanaupaka kwenye mipira ya tairi ili isigandamane. Kwenye mpira wa tairi ni dawa. Kwenye breki ni kifo.

Wakati huo huo ikaingia pikapu ya ndizi. Mama Ombati alikuwa kwenye usukani, amekuja kujionea kama mwanawe atatimiza neno lake, na kando yake alikuwa kaka yake, mjomba Nyakundi, mchongaji wa mawe kutoka Tabaka. Nyakundi akashuka ameinua kifua.

"Mmesikia vile imenyamaza?" akauliza. "Ni mimi. Jana niliisikia ikilia, na mkiwa ndani ya kanisa nilichukua brashi nikaipitisha kwa matundu ya kila gurudumu, nikapaka unga wangu ndani na nje. Mlango ikilia napaka. Kiti ikilia napaka. Nikasema hata hii."

"Siku ya Sabato?" akauliza dada yake.

"Ng'ombe akianguka kwa shimo siku ya Sabato, si unamtoa?"

Nilimwambia maneno ambayo ilibidi niyapeleke kwa padri wiki iliyofuata. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mtu alimpenda mpwa wake, na kwa upendo huo alikuwa amempakia njia ya kwenda moja kwa moja kwenye chai, na safari hii bila breki hata ya kuanzia.

Nyakundi alipoelewa, uso ulimwanguka. Ombati alikaa chini kwenye lami. Mama Ombati akanyoosha mkono wake kwa mwanawe, kiganja juu.

"Basi. Lete ufunguo. Mungu amesema."

"Yaya, hapana, Mama Ombati," nikasema. "Neno lenu lilikuwa akiingia kwa chai. Hapa tuko kwa lami."

"Unataka aende na hiyo breki?"

"Sitaki aende na hii. Nataka nipewe nafasi niitengeneze. Ikiisha utaingia wewe mwenyewe ukanyage. Ikikataa, ufunguo nitakupa mimi kwa mkono wangu."

Mimi na yeye tumejuana tangu tukiwa wasichana, anajua sidanganyi kuhusu breki hata pale ninapodanganya kuhusu umri. Akakunja kiganja. "Tengeneza," akasema, akaenda kukaa kwenye ngazi ya pikapu.

Waandaaji wakamsogeza Ombati hadi mwisho wa foleni. Mmoja wa wenzake akajitolea kumwazima padi zake za barabarani. Nikamshukuru nikakataa, maana za aina hiyo ndizo zilizompeleka kwenye chai mara ya kwanza. Tukaziba pua na midomo kwa leso zilizoloweshwa, na naomba hili ulikariri: vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, linafutwa kwa kitambaa kibichi. Onsongo hakutuambia hivyo kwa kuwa hakujua, na kifua chake kilimtesa uzeeni.

Diski tulizisugua kwa maji ya moto na sabuni tuliyopewa na mama muuza chai, tukazipitisha msasa, kisha nikazipulizia dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Zikabaki padi. Padi iliyoingia mafuta mimi huitupa bila kuuliza. Hii ilikuwa imeingia unga mkavu juu juu, na Ombati hakuwa ameiteremsha kilima kwa mbio. Ilitakiwa kukwanguliwa uso wote, lakini sawasawa kabisa. Ukiacha kinundu upande mmoja, itashika kwa upande huo tu. Nilikuwa na msasa, nilikuwa na baraza ya ofisi ya shamba yenye vigae vilivyonyooka, ila vidole vyangu siku hizo vilikuwa vimeanza kutetemeka.

Nyakundi akaja akachuchumaa kando yangu. "Nipe," akasema kwa sauti ya chini. "Kusawazisha kitu ndiyo kazi yangu."

Nilisita. Kisha nikampa. Na wallahi, kama ningekuwa naapa, ningeapa siku hiyo. Alilaza msasa kwenye kigae, akaiweka padi juu yake, akaanza kuizungusha kwa mwendo wa duara, mkono mwepesi, bila kuegemea upande wowote. Kila baada ya muda aliinua padi usawa wa jicho, akaitazama kwenye mwanga, akarudi. Uso mweupe unaong'aa uliondoka, ukatokea ule wa kijivu wenye chembe za chuma. Nilipoweka rula juu yake sikuona hata ufa wa mwanga. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona padi iliyosawazishwa namna ile kwa mkono. Nilimwambia hivyo, naye akainamisha kichwa kuficha machozi.

Tukafunga kila kitu. Waandaaji walituruhusu kipande cha barabara ya nyuma, nami nikakaa kando ya Ombati tukazifundisha upya padi: mwendo, kandamiza, achia. Mara za mwanzo hakuna kitu. Ombati akawa anatokwa jasho. Nikamwambia endelea. Harufu ikaja, ile kali ninayoipenda kuliko marashi, na gari likaanza kuinamisha pua kila akigusa. Tukazipoza kwa mwendo wa taratibu. Tuliporudi mahali pa kuegesha akakanyaga polepole, na zikapiga yowe lile lile la nguruwe. Nilipiga makofi kama mtoto. Mama Ombati aliingia mwenyewe, akaenda mbele, akakanyaga, paji la uso likakaribia usukani. Akashuka na kumrudishia mwanawe ufunguo.

Zamu yake ikafika. Nilisimama kwenye uzio wa juu ya Kona ya Chai, Mama Ombati upande wangu mmoja, Nyakundi upande mwingine. Hatukuona alivyopanda, tulisikia tu. Kisha injini ikageuza sauti kule juu na tukajua amezunguka pipa. Likatokea jekundu kati ya kijani, linashuka, linaongeza. Pale wenzake walipoanza kufunga breki yeye alipita. Mama Ombati alinishika mkono na kucha zikaingia. Nilihesabu moyoni, nikaona ameanza kuchelewa, nikasema kwa sauti, "Sasa, mwanangu, sasa!"

Akakandamiza. Pua ya gari ikazama, matairi yakalia, diski zikawaka wekundu nyuma ya rimu, na lile gari likasimamishwa mwendo wake kana kwamba kuna mkono umelishika mkia. Likakata kushoto likiwa safi, gurudumu la nje likapita kando ya ukingo wa lami, na jani hata moja la chai halikutikisika. Likapotea kwenye mstari wa mwisho.

Mama Ombati alipiga kigelegele kilichosikika, naamini, mpaka Keroka. Nyakundi alikuwa anarukaruka na kofia mkononi. Mimi nililia, sioni haya kusema. Katika daraja la magari madogo, Ombati alikuwa wa kwanza, na wenzake walimbeba mabegani wakamzungusha mpaka akaomba ashushwe.

Mambo yalipotulia, Mama Ombati akanijia. "Omong'ina, hizo padi nifungie kwa pikapu yangu."

"Yaya. Wewe unabeba ndizi asubuhi ya baridi. Zako ni nyingine."

"Sasa mimi nitajuaje vile zinashika?"

Nikamtazama Ombati. Ombati akawatazama waandaaji, nao wakacheka, wakasema barabara bado imefungwa, helmeti ziko. Basi mzee wa kanisa akavalishwa helmeti juu ya kitambaa chake cha kichwa, akafungwa mkanda, akaushikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Wakaondoka. Nilisimama pale pale kwenye uzio. Waliteremka, si kwa mbio za mashindano lakini si za kanisani pia, na kwenye Kona ya Chai Ombati akakandamiza, padi zikashika, wakakata wakapita. Niliuona uso wake dirishani, macho yamefumbuka yote mawili.

Tukakimbilia chini, mimi na magoti yangu. Gari lilikuwa limesimama, linanuka moto. Ombati alizunguka kumfungulia mama yake mlango na akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Mama Ombati hakushuka. Alivuta mlango ukafunga, akaketi sawasawa, akamwambia kupitia dirishani:

"Rudia."